Ukitaka Kuonja Bahari, Nawe Umezaliwa Lushoto

Amka alfajiri uende Irente, ukasimame ukingoni kabla jua halijapanda. Ukibahatika utakuta ukungu umelala bondeni, mweupe, tambarare, umeifunika Mombo na mashamba ya mkonge na nyika yote mpaka upeo wa macho, na vilima viwili vitatu vimechomoza vichwa kama visiwa. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimwambia babu kwamba ile ndiyo bahari. Alicheka mpaka akakohoa. "Bahari iko nyuma yako," akasema, akanyoosha mkono mashariki kwenye msitu. "Na haikai kimya namna hii."

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtoto yule, akishakuwa mtu mzima. Ni wewe wa Soni, Mlalo, Mtae au Lukozi, unayejua bei ya gunia la karoti kuliko unavyojua majina ya pepo, lakini ukiona picha ya meli kwenye kalenda ukutani unashindwa kuipita. Sikukatazi. Ninachotaka ni uionje bahari kwa gharama ya nauli na chakula, kabla hujamwomba baba auze kipande cha shamba akulipie ada ya chuo.

Watakwambia mtu wa milimani hana kazi na bahari. Waache waseme. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa, akiwa amekaa Vuga, mamlaka yake yalifika mpaka vijiji vya pwani kati ya Pangani na Tanga, na sultani wa Unguja ilimbidi aelewane naye kuhusu nani awe mkubwa huko chini. Njia ya kutoka mlimani kwenda majini ilikuwapo kabla ya reli na kabla ya lami.

Tuanze na upepo, maana huo unaujua tayari ila hujaambiwa jina lake. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Magamba imetoka Bahari ya Hindi: upepo umebeba unyevu, umegonga mlima, umepanda, umepoa, ukawa ukungu unaokulowesha sweta ukienda kuchuma njegere. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa huvuma kusi. Ile baridi ya Juni na Julai inayowafanya mkae jikoni kuota moto ndiyo majira ambayo huko chini kusi limekaza na mawimbi yanapasuka kwenye miamba. Kuanzia Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, upepo wa joto na wenye tabia nzuri zaidi. Katikati ya misimu hiyo kuna siku za tangambili, upepo haujui unataka nini, mara huku mara kule.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza iwe Januari au Februari. Kumbukumbu nyepesi: plamu zikiwa zimejaa kwenye beseni za akina mama pale Soni, bahari inapokea wageni. Mkiwa mmevaa masweta mawili mawili, kaeni nyumbani. Sisemi hivyo kwa kutisha watu. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, nayo ilikuwa meli ya injini.

Jambo la pili ni mwezi. Juu mlimani mwezi ni taa ya bure tu. Pwani ndio kalenda ya kazi. Mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na pwani ya Tanga tofauti hiyo hupita mita 3. Katikati yake ni maji mafu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mwezi mkubwa huwatawanya samaki. Faida yako iko hapo. Fika Pangani mwezi ukiwa mkubwa. Vyombo vingi vitakuwa vimepumzika, watu wamekaa chini ya miti wakishona nyavu, wana muda wa kuongea na mgeni. Giza likirudi, watakuwa wamekuzoea, na ukiomba kupanda hawatakushangaa.

Njia yenyewe ni rahisi. Basi la asubuhi kutoka Lushoto, kona za Soni, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga. Kutoka Tanga panda gari la Pangani. Wengine wataishia Tanga mjini, Sahare au soko la samaki la Deep Sea, na si vibaya, ila mimi napendelea Pangani kwa sababu mto, mlango wa bahari, pantoni ya Bweni na vyombo vya mbao vyote viko mahali pamoja. Ukikaa saa mbili ukingoni umeona nusu ya somo.

Sasa nikueleze lililonikuta, ulijue mapema. Nilishuka na mkoba, nikaenda moja kwa moja kwa mzee aliyekuwa anakalafati mashua, anasokota pamba yenye mafuta na kuisukuma kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Lushoto."

"Lushoto!" Akaweka nyundo chini. "Plamu ziko wapi?"

Sikuwa nazo. Nilikuwa na barua ya mtendaji, picha nne za pasipoti, na cheti cha kidato cha nne ndani ya plastiki. Alivitazama vyote kwa heshima, akarudi kwenye pamba yake. Siku ya pili akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu, kidogo. "Kidogo ndiyo sijui," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo mpaka siku ya nne.

Basi beba plamu. Nje ya msimu wake beba viazi, karoti, mapea, chochote kilichotoka kwenye udongo wenu mwekundu. Hiyo si hongo. Ni namna ya kuonyesha kwamba una kwenu. Barua ya mtendaji nayo ibebe, ila peleka kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa kikundi cha usimamizi wa fukwe, ambacho wenyewe hukiita BMU. Ndio wanaojua chombo gani kimesajiliwa, kina leseni, na nahodha yupi hanywi kazini. Siku ya kwanza usiombe kupanda. Salimia, kaa, shika ncha ya wavu ukiambiwa shika, nyamaza. Mtu mzima muite mzee au ami. Nahodha akiwa ni kijana mdogo kuliko wewe, muite nahodha hivyo hivyo. Cheo kile hakiangalii ndevu.

Kuogelea ni lazima, na hapa ndipo sisi wa milimani tunapojidanganya. Mito yetu ni ya kuvuka kwa kukunja suruali. Tenga wiki moja Tanga, nenda Raskazone maji yakiwa yamejaa, ukae na mtu anayejua. Usihangaike kujifunza kwenda mbio. Jifunze kuelea chali dakika kumi ukiwa umevaa nguo zako za kazi, halafu jifunze kuvua viatu ndani ya maji. Mtu akianguka chomboni usiku, chombo huchukua muda kugeuka, na anayeokolewa ni yule aliyetulia akangoja.

Lugha ya chomboni ni Kiswahili, lakini utajiona mgeni wa Kiswahili. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mti unaosimama ni mlingoti, ule unaobeba tanga ni foromali, na mbao iliyolala chini kama uti wa mgongo ni mkuku. Upande unaotoka upepo ni joshi, upande wa pili ni demani. Kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku ni kubisha. Haya maneno machache yaweke kichwani kabla, maana amri hutoka kwa haraka na hakuna atakayesimama kukufafanulia. La demani utalikumbuka bila kujitahidi: ukitapika, tapika demani. Mimi nilitapika joshini, upepo ukaturudishia sote, na jina langu kwa siku tatu likawa Joshi.

Na utatapika. Pwani husema mtu amelewa bahari, na bahari hailevyi mtu kwa kuangalia sura. Usipande na njaa, usipande umeshiba mchuzi. Muhogo wa kuchemsha au ugali mkavu unatosha. Tafuna kipande cha tangawizi, kaa katikati ya chombo ambako kuyumba ni kudogo, tazama upeo na si simu. Usijifungie ndani. Siku ya pili huwa nafuu, ya tatu wengi huwa wamepona. Ikifika siku ya tano bado hujaweza kumeza maji, huna haja ya kuona aibu. Mwili umesema, na umekugharimu nauli tu.

Ukikubaliwa kupanda, kazi yako ya kwanza itakuwa ngama. Hayo ni maji yanayoingia kwa kuvuja na kwa mawimbi, yakakusanyika chini kabisa, yamechanganyika na maji ya samaki, dizeli, magamba na kitu fulani kama chai ya jana. Utapewa kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa mdomo. Utainama kati ya mataruma, utachota, utainuka, utamwaga, utainama. Harufu yake hukaa kwenye kucha. Hakuna atakayekuambia asante, na chombo kisichofuliwa maji hakifiki. Nimeona vijana wenye miili mikubwa, wabeba magunia ya kabichi, wameacha kwa sababu ya ngama, na nimeona mwembamba mmoja aliyekuwa akiimba humo chini akapewa usukani kabla ya mwaka kwisha. Ukiweza ngama, mengine utafundishika.

Malipo usiyaulize kabla ya safari ya tatu, lakini ujue yanavyokwenda. Kwenye uvuvi hakuna mshahara. Pesa ya samaki hutolewa kwanza mafuta na chakula, kisha fungu la chombo, la nyavu na la injini, kinachobaki hugawiwa watu. Mgeni anayejifunza hupata samaki wa kula na pengine nauli. Usiku mwingine mnarudi na ndoo moja ya dagaa, watu kumi na tano, na wote wamekesha.

Kwa nini basi watu huenda? Nitakwambia langu. Usiku wa tatu tulizima injini nje ya mwamba, tukingoja. Kila tulipochovya mkono, maji yalimetameta kama cheche za jiko la mkaa. Mnyamavu mmoja wa tezi akawa anasikiliza, akasema tumesogea, tuko karibu na mwamba. Alisikia wimbi likibadilika sauti, mimi sikusikia kitu. Alfajiri, umande ulipokuwa bado unavuma kutoka nchi kavu, ukungu ukainuka na magharibi ikatokea milima. Usambara ya Mashariki, ya buluu, imelala kama ng'ombe. Nilifikiri nimekuwa mtoto tena.

"Unaona Mlinga?" nahodha akaniuliza. Ni kile kilele cha juu ya Muheza. "Mlinga ukikaa juu ya minazi ile miwili, na ile nyumba nyeupe ikijificha, hapa chini pana samaki. Baba yangu alinipa alama hiyo. Ukikosa mlima, umekosa samaki."

Miaka yote nilikuwa nimesimama juu natafuta bahari, na wao wako baharini wanatafuta milima. Sikumwambia. Ila tangu siku hiyo nikawa na kazi ninayoweza kuifanya kuliko wenzangu: kuitambua ile migongo ya mbali ikiwa nusu kwenye mawingu. Omba kazi hiyo. Mtoto wa milimani ana jicho nayo.

Vitu vya kubeba ni vichache. Lile sweta la mtumba ulilodhani utaliacha nyumbani, libebe, maana usiku upepo wa baharini kwenye nguo iliyolowa ni baridi kuliko Magamba. Kikoi, kofia yenye kamba, kisu kidogo kilichofungwa kwenye mkanda, maji lita tatu zako mwenyewe, simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Viatu vya ngozi acha. Choo ni tezi, na kuna kamba ya kushika. Jizoeze kuishika kwa mkono mmoja.

Usalama nausema kwa ufupi kwa sababu haubishaniwi. Hakikisha lipo boya la kuvaa lenye kukutosha, na ulivae, hata wakikucheka. Mwambie mtu wa nchi kavu jina la chombo na siku ya kurudi. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Nahodha mzuri huisikiliza pia, hata kama atajifanya anaangalia mawingu tu. Chombo kikizidiwa watu au mzigo, shuka. Shuka hata kama umelipa, hata kama nahodha ni mjomba wako. MV Spice Islander I iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake, na ilikuwa imeonekana hivyo tangu gatini.

Ukimaliza mwezi wako mmoja na bado unaitaka bahari, ndipo uzungumze habari za chuo. Kuna njia mbili zinazojulikana. Uvuvi na unahodha wa vyombo vya uvuvi hufundishwa na wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, FETA, ambao wana kampasi Mbegani, karibu na Bagamoyo. Ya meli za biashara ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kilichoanza mwaka 1978 kama kitengo cha mafunzo ya mabaharia. Ukitaka kuwa ofisa wa sitaha au wa injini, hisabati na fizikia ndizo watakazokuuliza. Ukiwa bado uko sekondari, acha kuzikimbia.

Kila anayefanya kazi kwenye meli ya kimataifa, awe mpishi au nahodha, lazima awe na mafunzo ya msingi yanayodaiwa na mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu na wenzake kazini. Baada ya hapo kuna cheti cha afya, na kitabu cha baharia ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa na shirika la uwakala wa meli, TASAC, na kwa Zanzibar na mamlaka yao ya usafiri baharini. Ofisa mwanafunzi wa sitaha aliye kwenye programu iliyoidhinishwa huhitaji miezi 12 ya kuwa majini kabla ya cheti chake cha kwanza cha zamu. Kupata meli ya kumalizia miezi hiyo ndiko kugumu kuliko darasa lote. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wala usiwaulize wa mwaka wa kwanza.

Kabla ya kulipa senti yoyote, nenda hospitali ya wilaya ukapimwe macho, na uombe wapime na rangi. Taa za meli usiku ni nyekundu, kijani na nyeupe, na asiyetofautisha rangi hizo hatapewa zamu ya sitaha. Kijana mmoja wa kwetu aliligundua hilo akiwa ameshalipa ada ya muhula.

Tena jihadhari na mawakala. Mpwa wangu alitoa fedha ya mavuno mawili ya viazi kwa mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja, aliyemwonyesha mkataba wa meli ya Ulaya wenye mihuri mitatu. Meli haikuwapo, na wiki iliyofuata chumba kilikuwa saluni. Kwa mujibu wa mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, baharia hatozwi fedha ili apewe kazi. Gharama zinazoweza kuwa zake ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayekuomba zaidi ya hapo anakuibia. Mkataba huo huo unasema asiye na miaka 16 haajiriwi kwenye meli. Saa za kupumzika nazo zina kiwango chake: zisipungue 10 kwa kila saa 24.

Binti akiniuliza, humwambia ukweli: kwenye majahazi milango mingi bado imefungwa, na baadhi ya wazee watakueleza mikosi ambayo hawajawahi kuiona. Chuoni mambo ni tofauti, na anayeitaka sitaha apitie huko. Kuonja, hata hivyo, anaweza kuonja popote penye nahodha mwenye akili, akiwa na ndugu au mwenzake.

Utarudi Lushoto siku moja, kwa mapumziko au moja kwa moja. Kwenye basi, zile kona za Soni zilizokuwa zikikutapisha utotoni hutazisikia. Usiku wa kwanza ndio utakaokushangaza: ukilala, kitanda kitaanza kupanda na kushuka, na ukuta utaegemea upande wa demani. Huumwi. Shusha godoro sakafuni, lala kichwa kikielekea mlangoni. Siku ya pili au ya tatu nyumba itatulia.